Uzi: Ni nini hasa kilichowakalisha mashabiki wa Uskoti vitini?

#1 Mzawa_wa_Makorora
Wadau, salaam. Kila mjadala wa viwanja vya Uingereza unapoibuka humu, hakosi mtu wa kusema kwamba mashabiki walianza kukaa vitini baada ya maafa ya Hillsborough, uwanja wa Sheffield ambako mashabiki walikandamizwa hadi kufa tarehe 15 Aprili 1989, na ripoti ya Jaji Taylor iliyotoka Januari 1990 ikitaka viwanja viwe vya viti pekee. Kwa England kauli hiyo inakaribia ukweli, lakini kwa Uskoti naipinga. Pittodrie, uwanja wa Aberdeen, ulikuwa na viti pande zote nne tangu 1978, miaka 11 kabla ya Hillsborough, na ndio uliokuwa wa kwanza katika Uingereza nzima. Ibrox ya Rangers nayo ilikwisha kujengwa upya kufikia 1981. Naomba tujadiliane: ni kitu gani kilichowaondoa Waskoti kwenye majukwaa ya kusimama, ambako babu zao walisimama bega kwa bega tangu karne ya 19? Mimi naamini jibu ni Ibrox 1971, lakini nimekuja kusikiliza.

#2 Kipenga
Ahsante kwa mada, mkuu. Kwa vijana ambao hawajawahi kuona jukwaa la kusimama, nieleze kidogo, maana bila picha hiyo mjadala utaelea hewani. Majukwaa mengi ya zamani yalikuwa tuta la udongo na majivu ya makaa ya mawe, likakatwa ngazi pana, na kingo za ngazi hizo zikashikiliwa na mataruma ya reli au, baadaye, zege. Hapakuwa na kiti wala namba; palikuwa na vyuma vya kuegemea vilivyosimikwa hapa na pale ili kuvunja mkandamizo wa umati. Hampden Park ya Glasgow ilijazwa hivyo na watu 149,415 tarehe 17 Aprili 1937, Uskoti ilipoifunga England 3-1, na wiki moja baadaye fainali ya Kombe la Uskoti kati ya Celtic na Aberdeen ikawaingiza 147,365. Idadi hizo hazihesabu watoto waliobebwa na watu wazima wakapitishwa juu ya mageti ya kuzunguka bila kulipa, desturi iliyodumu kwa miaka mingi. Hampden ya leo, iliyokamilika 1999, inachukua watu 52,000 hivi. Nafasi karibu laki moja zimetoweka katika uwanja mmoja tu.

#3 Pazi_75
Naungana na mleta mada: ni Ibrox. Tarehe 2 Januari 1971 Celtic walipata bao dakika za mwisho kabisa kupitia Jimmy Johnstone, mashabiki wa Rangers wakaanza kuondoka, kisha Colin Stein akasawazisha, na waliokuwa wameanza kushuka Ngazi ya 13 wakageuka kurudi juu wakagongana na wenzao. Watu 66 wakafa. Baada ya hapo, ni kiongozi gani angeendelea na mambo yale yale?

#4 Zuhura_wa_Govan
Kaka Pazi, idadi ya marehemu ni sahihi, lakini hilo la kugeuka naomba tulizike leo. Uchunguzi rasmi uliofanywa baada ya maafa ulionyesha kwamba watu wote walikuwa wakielekea upande mmoja, yaani chini, na kwamba kisa cha kurudi nyuma kwa sababu ya bao hakikuwa na msingi. Mtu mmoja au wachache walianguka katikati ya ngazi, waliokuwa nyuma hawakuweza kusimama, na uzito wa maelfu ukawaangukia. Wengi walikufa wakiwa wima, kwa kukosa nafasi ya kuvuta pumzi. Miongoni mwao walikuwa wavulana watano wa shule kutoka mji mdogo wa Markinch, mkoa wa Fife. Mimi naishi mwendo wa dakika kumi kutoka uwanjani, na mzee jirani yangu hujibu kwa uchungu kila akisikia kisa hicho cha bao, kwa sababu kinawabebesha marehemu lawama ambayo haikuwa yao.

Ngazi hiyo pia ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Mwaka 1961 watu wawili walifia pale pale, na kabla ya 1971 palikuwa na matukio mengine ya kujeruhiwa.

#5 Fundi_Mchundo
Dada Zuhura amegusa jambo ambalo mimi, kama mtu wa ujenzi, huwa linanisumbua. Maafa ya 1971 yalitokea kwenye ngazi ya kutokea, si kwenye jukwaa lenyewe. Kama tatizo ni ngazi, dawa yake ni ngazi: uipunguze mteremko, uigawe kwa vyuma, uongeze njia za kutokea. Kiti hakizuii mtu kuanguka akiwa njiani kurudi nyumbani. Kinachofanya kiti ni kupunguza idadi ya watu watakaofika kwenye ngazi hiyo kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kilipo na nguvu.

Na Ibrox ilikuwa na historia ndefu zaidi. Tarehe 5 Aprili 1902, katika mchezo wa Uskoti na England, jukwaa refu la mbao lililosimamishwa juu ya nguzo za chuma lilitoboka. Watu walitumbukia kupitia uwazi huo, 25 wakafa na zaidi ya 500 wakajeruhiwa. Msanifu wake alikuwa Archibald Leitch. Baada ya hapo viwanja vikaacha mbao za juu juu na kuegemea matuta ya ardhi, na Leitch mwenyewe akatumia maisha yake yote kusanifu matuta hayo na vyuma vya kuegemea nchi nzima. Kwa hiyo lile jukwaa la kusimama tunalolitaja hapa kama hatari lilipendekezwa, wakati wake, kama suluhisho la usalama.

#6 Shabiki_wa_Nyayo
Mzawa wa Makorora, hoja yako naipenda ila rekodi irekebishwe. Pittodrie haikuwa ya kwanza. Kilbowie Park, uwanja wa Clydebank, klabu ndogo ya mji wa kujenga meli magharibi mwa Glasgow, uliwekwa viti kote mwaka 1977. Na sababu yake itawashangaza wengi. Sheria ya Usalama wa Viwanja vya Michezo ya 1975 ilivitaka viwanja vilivyotajwa chini yake, vyenye nafasi zaidi ya 10,000, viwe na cheti cha usalama, na cheti hicho kilihitaji marekebisho ya gharama kubwa. Clydebank walikuwa wamepanda Ligi Kuu, kwa hiyo sheria ilikuwa inawafikia. Wakapigilia mabenchi juu ya ngazi za kusimamia, idadi ya nafasi ikashuka chini kidogo ya 10,000, na hitaji la cheti likawapita pembeni. Kwa maneno mengine, uwanja wa kwanza wa viti pekee nchini humo ulizaliwa kwa hesabu za mhasibu.

#7 Mzawa_wa_Makorora
Nimekubali na nashukuru kwa sahihisho, ndugu yangu. Hata hivyo, sheria hiyo ya 1975 ilitoka wapi? Ilitokana na ripoti ya jaji Lord Wheatley ya 1972 kuhusu usalama wa viwanja, na Wheatley aliteuliwa kwa sababu ya wale 66. Ukifuata uzi wa Clydebank hadi mwanzo wake, unarudi kwenye Ngazi ya 13.

#8 Mwalimu_Nassor
Kuna jambo la kisheria ambalo halijasemwa. Ulazima wa viti pekee uliotokana na Taylor uliwekwa kwa sheria ya England na Wales. Uskoti haikuwekewa sharti hilo na bunge. Klabu za Uskoti zilifika huko kwa njia ya kanuni za ligi yao wenyewe, hasa pale Ligi Kuu mpya ya SPL ilipoanzishwa 1998 na kudai kila mwanachama awe na uwanja wa viti visivyopungua 10,000. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Alichokilazimisha mbunge hakiondoki bila mbunge. Walichokiweka wenye klabu kikaoni, wanaweza kukiondoa kikaoni. Ndiyo maana Uskoti iliweza kurudisha sehemu za kusimama mapema kuliko England.

#9 Chuma_cha_Pua
Naheshimu marehemu na naheshimu sheria, ila mnaikwepa fedha. Tazameni ilipokuwa mioyo ya miji ile na muulize leo pana nini. Muirton Park ya St Johnstone iliuzwa ikawa duka kubwa la Asda. Broomfield ya Airdrie iliuzwa 1994 ikawa duka kubwa, na klabu ikakaa bila uwanja wake hadi 1998. Brockville ya Falkirk ilifungwa 2003, leo ni duka la Morrisons. Kilbowie yenyewe, hiyo ya kwanza kabisa, ilifungwa 1996 na sasa ni eneo la maduka. Majukwaa yale yalikuwa yamekalia ardhi ya thamani katikati ya miji, ilhali mahudhurio yalikuwa yameshuka mno ukilinganisha na miaka ya baada ya vita. Usalama uliwapa wakurugenzi sababu nzuri ya kufanya jambo ambalo daftari la hesabu lilikuwa linawaomba kulifanya.

#10 Kijana_wa_Perth
Mkuu Chuma, mimi nipo Perth, na kisa cha hapa hakikai vizuri ndani ya hoja yako. Ni kweli Muirton iliuzwa kwa Asda. Lakini ardhi ya uwanja mpya ilitolewa na mkulima wa hapa hapa, Bruce McDiarmid, ndiyo maana unaitwa McDiarmid Park. Ulifunguliwa Agosti 1989 ukiwa uwanja wa kwanza Uingereza kujengwa kuanzia msingi kwa ajili ya viti pekee. Hesabuni miezi: Hillsborough ilikuwa Aprili, uwanja ulifunguliwa Agosti. Michoro ilikuwa imekwisha kuchorwa na kuta zimepanda wakati Taylor hajateuliwa. Fedha ilikuwepo, ndiyo, ila palikuwa pia na watu waliotaka mji wao uwe na kitu kipya.

#11 Pazi_75
Nimepokea sahihisho la dada Zuhura na nimelisoma mara mbili. Naongeza sababu nyingine ambayo haijatajwa: vurugu. Tarehe 10 Mei 1980, Celtic walipoifunga Rangers 1-0 katika fainali ya kombe pale Hampden, mashabiki wa pande zote waliingia uwanjani wakapigana, polisi wa farasi wakawatawanya. Mwaka huo huo sheria ya makosa ya jinai ya Uskoti ikapiga marufuku pombe viwanjani. Watawala walikuwa na imani kwamba mtu aliyeketi kwenye namba yake anatambulika, ilhali aliyesimama katikati ya elfu kumi ni kivuli tu.

#12 Chuma_cha_Pua
Mkuu Pazi, Pittodrie iliwekwa viti 1978 na wewe unaleta fujo za 1980. Hiyo sababu yako imechelewa basi kwa miaka miwili!

#13 Pazi_75
Hofu ya fujo haikuzaliwa 1980, ndugu. Kamati ya McElhone ilikwisha kuripoti juu ya tabia za mashabiki wa Uskoti mwaka 1977, na pombe na viti vyote vilikuwamo katika mapendekezo yake. Nami nakuuliza: Aberdeen waliuza ardhi gani 1978? Wapo Pittodrie hadi leo.

#14 Mlinzi_wa_Lango
Nimekuwa msomaji wa kimya, leo naandika kwa mara ya kwanza. Nilifanya kazi ya kuongoza mashabiki katika uwanja mmoja wa Uskoti ambao sitautaja, misimu miwili, jukwaa la nyuma ya goli. Tuliagizwa kuhakikisha watu wamekaa. Mchezo ukipamba moto safu ya kwanza inainuka, ya pili haioni, nayo inainuka, na ndani ya dakika moja jukwaa zima limesimama mbele ya viti ambavyo havikutengenezwa kusimamiwa. Ukingo wa kiti cha mbele unafika chini ya goti. Bao likiingia watu wanaruka, wanapinduka safu mbili mbele. Nimefunga bandeji miundi iliyochubuka zaidi ya nilivyozuia ugomvi. Siku moja mzee wa miaka kama 70, ambaye magoti hayakumruhusu kusimama dakika 90, aliniuliza kwa upole kwa nini amelipia kiti asichoweza kuona akiwa amekikalia. Niliripoti, nikaambiwa nimtafutie nafasi pembeni, na nafasi haikuwepo. Nasema haya ili ieleweke kwamba kuweka viti ni jambo moja, na kuwakalisha watu ni jambo jingine.

#15 Shabiki_wa_Nyayo
Karibu sana, Mlinzi. Unalosema nililiona kwa macho yangu kupitia runinga usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, Victor Wanyama wetu alipoifunga Barcelona kwa kichwa na Celtic wakashinda 2-1. Celtic Park wakati huo ilikuwa ya viti kote, na sikuona mtu aliyekaa.

Nirudi kwenye kanuni ya viti 10,000 aliyoitaja Mwalimu, kwa sababu ndiyo iliyoumiza watu. Falkirk walitwaa ubingwa wa daraja la kwanza mwaka 2003 wakanyimwa kupanda, kwa kuwa Brockville haikutimiza masharti, na Motherwell waliomaliza mkiani wakabaki Ligi Kuu. Mchezaji anafanya kazi yake msimu mzima, kisha tuta la zege linamwambia hapana.

#16 Mwalimu_Nassor
Falkirk waliumizwa mara mbili. Mwaka 2000, ligi ilipokuwa inapanuliwa kutoka timu 10 hadi 12, ilipangwa michuano ya mtoano kati ya Aberdeen, waliokuwa wa mwisho Ligi Kuu, na Dunfermline na Falkirk wa daraja la chini. Brockville ikaonekana haifai, michuano ikafutwa, Aberdeen wakabaki na Dunfermline wakapanda. Kisha 2004 Inverness Caledonian Thistle walitwaa ubingwa, nao wakaruhusiwa kupanda kwa sharti la kuchezea mechi za nyumbani Pittodrie, zaidi ya kilomita 160 kutoka kwao. Shabiki wa Inverness alisafiri mwendo huo kwenda kutazama mechi ya “nyumbani”. Baada ya hapo ndipo idadi ikapunguzwa kuwa viti 6,000, na Inverness wakarudi kwao Januari 2005.

Sasa nawauliza wanaosema ni usalama: uwanja wenye viti 6,000 uliokuwa hatari mwaka 2003 ulipataje kuwa salama mwaka uliofuata? Kanuni ile ilihusu hadhi ya ligi na runinga zaidi kuliko mbavu za mashabiki. Sitaki kusema ndivyo ilivyokuwa tangu 1977, ila katika hatua ile ya mwisho sioni maelezo mengine.

#17 Kipenga
Mwalimu amesema kweli nzito. Mimi nililie sauti. Celtic Park ilikuwa na jukwaa la upande wa kaskazini lililoitwa Jungle, lenye paa la chini, na paa lile lilirudisha nyimbo uwanjani kama chungu kinavyorudisha mwangwi. Watu wake walisimama kwa mara ya mwisho 1993. Fergus McCann aliichukua klabu Machi 1994 ikiwa ukingoni mwa kufilisika, timu ikahamia Hampden msimu mmoja, na kufikia 1998 uwanja mpya wa watu 60,000 ulikuwa umekamilika. Namsifu McCann, aliiokoa klabu. Hata hivyo, ukimya ulioingia pamoja na viti katika viwanja vingi vya Uskoti ni hasara ya kweli.

#18 Mzawa_wa_Makorora
Kaka Kipenga, hapo tunapishana. Tarehe 16 Machi 1983 Aberdeen ya Alex Ferguson ilikuwa nyuma 2-1 mbele ya Bayern Munich pale Pittodrie, ikafunga mabao mawili ndani ya muda mfupi sana na kushinda 3-2, kisha ikaenda kuifunga Real Madrid katika fainali kule Gothenburg. Uwanja ule ulikuwa wa viti pekee kwa miaka mitano tayari. Waliokuwepo hawakulalamikia ukimya.

#19 Kipenga
Usiku mmoja wa Bayern hauwezi kulinganishwa na Jumamosi arobaini za mvua.

#20 Fundi_Mchundo
Kabla hatujasahau, sahihisho dogo kwa mchango wa kwanza. Ibrox ya 1981 haikuwa ya viti pekee. Majukwaa matatu mapya yalikuwa ya viti, lakini mbele ya jukwaa kuu la Leitch la 1929 paliachwa eneo la kusimama hadi miaka ya 1990. Na Willie Waddell, kocha wa Rangers wakati wa maafa, aliyesukuma ujenzi ule baada ya kuhudhuria mazishi mengi ya 1971, alichukua mfano wa Westfalenstadion ya Dortmund, uwanja ambao hadi leo una jukwaa moja la kusimama la watu karibu 25,000. Mtu huyo huyo aliutazama uwanja wenye kusimama, akarudi nyumbani akajenga vya kukaa, na sidhani alikosea, kwa kuwa alikuwa anajenga kwa ajili ya watu wa Glasgow walioogopa kurudi.

Kutoka Ujerumani hiyo hiyo ndiko kulikotoka kiti cha reli, chenye chuma kifikacho kiunoni katika kila safu na kiti kinachokunjwa na kufungwa. SPL ilifungua mlango wa maombi ya namna hiyo Desemba 2011, mji wa Glasgow ukawaidhinishia Celtic mwaka 2015, na Julai 2016 sehemu ya watu karibu 3,000 ikaanza kutumika. Hesabu yake ni mtu mmoja kwa kiti kimoja, kwa hiyo haiongezi msongamano. Lile la Mlinzi, la kupinduka safu mbili, linazuiwa na chuma hicho. England ilisubiri hadi Januari 2022 kuanza majaribio kama hayo katika ligi zake za juu.

#21 Kijana_wa_Perth
Na msisahau kwamba majukwaa ya zamani hayajafa. Chini ya Ligi Kuu bado yapo: Somerset Park kule Ayr, Gayfield ya Arbroath iliyo kando kabisa ya bahari, Cappielow ya Greenock Morton. Mimi nilisimama Cappielow pamoja na mwanangu wa miaka tisa. Tulihama upande wakati wa mapumziko ili kuifuata timu inayoshambulia, jambo ambalo hawezi kulifanya mwenye tiketi ya kiti namba fulani safu fulani. Mwanangu aliegemea chuma, akanunua chai, akazungumza na wazee watatu asiowafahamu. Umati ulikuwa mdogo na nafasi tele, na hapo nikaelewa kwamba hatari haikuwa katika kusimama pekee, ilikuwa katika wingi usiohesabiwa.

#22 Chuma_cha_Pua
Hapo kwenye wingi usiohesabiwa nakuunga mkono, na narudi pale pale: klabu iliyojaza watu bila kuhesabu ilikuwa inahesabu kitu kingine langoni.

#23 Zuhura_wa_Govan
Nilipita Ibrox jana jioni nikitoka kazini, kwa sababu ya uzi huu. Kwenye kona ya jukwaa kuu kuna sanamu ya John Greig, nahodha wa Rangers wa siku ile ya 1971, iliyozinduliwa Januari 2001, na chini yake yameandikwa majina. Nilidhani nitasoma majina 66. Yapo pia ya 1902, na yapo yale mawili ya 1961. Nilikaa pale hadi taa za barabarani zikawaka, nikiyasoma moja moja kwa sauti ya chini. Kaka Pazi, ukija Glasgow nitakupeleka.

#24 Pazi_75
Nitakuja, dada.